Mama Giza na Konokono wa Kushoto

Jina la Mama Giza alipewa na wateja, naye alilipokea bila ubishi kwa sababu lilikuwa la haki. Ulipokwenda studio kuchukua picha zako, ukamkuta mumewe peke yake kaunta, ukauliza, "Mama yuko wapi?" jibu lilikuwa lile lile: "Yuko gizani." Nyuma ya pazia jeusi, nyuma ya mlango uliozibwa nyufa zake kwa vipande vya blanketi kuukuu, ndiko alikokuwa akisafisha picha za mji mzima. Watoto waliamini kabisa kwamba usiku unatengenezwa mle ndani. Naye alipotoka, vidole vinanuka dawa, anapepesa macho kwa mwanga wa mchana, aliwaambia waliongoja kwenye benchi, "Haya, nimewaletea nyuso zenu."

Mumewe naye hakusalimika. Yeye ndiye aliyepiga picha, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa kwenye kile kiti chake bila kuambiwa "kidevu juu," mji ulimwita Bwana Kidevu. Aliwaambia maharusi kidevu juu. Aliwaambia waliotoka msibani kidevu juu. Siku moja alimwambia hivyo hivyo mtoto mchanga ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza.

Leo studio ile ni duka la simu la binti yao wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda. Chumba cha giza kimekuwa stoo ya makava na chaja, na taa nyeupe inawaka humo mchana kutwa. Mama Giza akiingia, jambo la kwanza ni kuizima. "Mama, sioni!" Kitinda hulalamika. "Ndiyo maana yake," mama yake hujibu, halafu husimama kidogo akinusa, kwa sababu harufu ya dawa haijatoka ukutani hata baada ya kupakwa rangi mara mbili.

Lakini habari hii ni ya konokono, na konokono hana haraka, kwa hiyo tuvumiliane.

Enzi za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita, na fundi mwenye akili zake hakuusafisha mpaka uishe. Sasa mteja wa picha za pasipoti ana haraka, anazitaka kesho, na mkanda bado una picha saba. Ufanyeje? Wapiga picha wengine walimalizia kwa kupiga paka wa jirani, au ukuta, au wake zao wakiosha vyombo bila habari. Bwana Kidevu, wakati huo kijana mwenye ndoa changa na baiskeli mpya, alimpakia mkewe kwenye keria siku ya Jumapili, wakaenda kuumalizia vilimani.

Vilima vyenyewe vilikuwa nyuma ya mji, vya mawe ya chokaa, vya kijivu kilichofifia, vilivyotobolewa na mvua za miaka hata vikawa na mashimo, nyufa na meno. Watu walikwenda huko kutafuta mawe ya kuchoma, wapate chokaa ya kupaka nyumba zao, wakarudi. Hakuna aliyekwenda kutazama. Na kwa mbali ungewaelewa, maana ungedhani ni mawe makavu matupu. Mpaka upeleke pua karibu. Kuna kangaga zilizochomoza kwenye ufa usioingia hata kisu. Kuna mishubiri imekaa ukingoni kabisa, mahali ambapo mbuzi mwenyewe angefikiri mara mbili. Kuna okidi zenye ua jeupe dogo kuliko kifungo cha shati, ambazo huzioni mpaka upige magoti. Na konokono sasa! Konokono wanapenda chokaa kwa sababu ndiyo wanayojengea nyumba zao, na kwao kuishi pale ni sawa na muashi kuishi ndani ya duka la saruji. Walikuwapo wa ukubwa wa punje ya mchele, wa bapa, wa ncha ndefu, wenye mistari, na mmoja wa rangi ya waridi ambaye Bwana Kidevu alimfuata kwa magoti mpaka suruali ya harusi ikachanika.

Kazi ya Mama Giza ilikuwa kioo. Nyufa zina kiza, kwa hiyo alisimama juani na kile kioo cha kunyolea cha mumewe, akarusha mwanga kwenye ufa, na mumewe akalala kifudifudi na kamera. "Kidevu juu, bibie," alimwambia konokono. Konokono akatoa pembe zake taratibu, kana kwamba amesikia. Mama Giza alicheka hadi mwanga ukatetemeka juu ya jiwe, na picha ikaharibika, na mumewe akagombeza kwa sauti ya mtu asiyekasirika hata kidogo.

Jumapili kama zile, ukiwa ndani yake, huzioni. Unadhani zipo tu, na zitaendelea kuwapo. Mkate, chupa ya chai, baiskeli imelazwa kivulini, mwanamume wako amejaa majani kwenye nywele. Mama Giza siku hizi akizikumbuka husema kwamba laiti angejua, angekwenda polepole zaidi.

Ugomvi wa konokono wa kushoto ulianza na harusi ya watu wengine.

Bwana Kidevu alipiga harusi Jumamosi, mkanda ukabaki na picha tatu. Jumapili wakaenda vilimani. Picha ya mwisho kabisa aliipiga Mama Giza mwenyewe, mumewe akiwa ameinuka kunyoosha mgongo. Palikuwa na mkuyu uliomwaga mizizi juu ya mwamba, mizizi miwili iliyoachana kama panda ya manati, na katikati yake konokono mweupe mwenye mstari wa kahawia. Akapiga. Jumatatu akasafisha, akachapa, na Bwana Kidevu kwa haraka zake akazitia picha zote kwenye bahasha ya harusi bila kuzipitia.

Mama wa bibi harusi, muuza vitambaa mwenye sauti iliyovuka barabara, alifungua bahasha mbele ya wakwe. Mwanangu akivishwa pete. Mwanangu akikata keki. Mwanangu na shangazi zake. Konokono.

Alifika studio akiwa amevaa kiatu kimoja na ndara moja.

"Hii ni nini?" akauliza, picha iko hewani.

"Ni konokono, mama," alisema Bwana Kidevu, ambaye hakujua kusema uongo kwa ghafla.

"Naona ni konokono! Nauliza, ni wa upande wa bwana harusi au wa upande wetu?"

Waliokuwa kwenye benchi waliangua kicheko, na hicho ndicho kilichoharibu. Mama yule alidai negativu zote, ile filamu yenyewe iliyosafishwa, kila kipande, asije mtu akamchapa mwanawe tena na wadudu. Akazibeba, akaitupa picha ya konokono juu ya kaunta, akaondoka. Baada ya muda familia ile ilihama mji, na negativu zikaenda nao.

Ndipo Bwana Kidevu, akiishika ile picha iliyobaki, akaikazia macho. Konokono, ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama, mdomo unakuwa upande wa kulia. Wote waliowahi kuwapiga walikuwa hivyo, wakubwa kwa wadogo, kana kwamba wamefundishwa shule moja. Huyu mdomo wake ulikuwa kushoto.

"Mke wangu," alisema, "umeigeuza filamu."

Mtu asiye wa kazi hii huenda asielewe uzito wa neno lile. Filamu ina pande mbili, upande unaong'aa na upande wa dawa. Ukiitia kinyume kwenye mashine ya kukuzia, picha inatoka safi kabisa, ila kulia imekuwa kushoto. Mama Giza aliijua filamu yake kwa vidole, na akiwa na shaka aliigusisha mdomo wa chini. Upande wa dawa hunata kidogo kwenye unyevu, ule mwingine huteleza. Mle ndani, kwenye giza ambalo hata mkono wako huuoni, alifungua mikanda, akaizungusha kwenye gurudumu lake, akapima dawa, na hakuwahi kumwaga tone. Vidole ndivyo vilivyokuwa macho yake saa zote za kazi.

"Sikuigeuza," alisema.

"Na mkuu wa soko je?"

Hapo alimshika pabaya. Mapema mwaka ule ule alikuwa amemgeuza mkuu wa soko, kweli. Njia ya nywele ilihamia upande wa pili na mfuko wa kalamu ukahamia kifua cha kulia. Walipogundua wakachapa nyingine iliyo sawa, wakampelekea kwa kuomba radhi, na mkuu wa soko akaikataa. Alizitazama zote mbili akachagua ile mbovu. "Huyu ndiye mimi," alisema. "Huyu mwingine simjui." Maskini, maisha yake yote alikuwa amejiona kwenye kioo tu.

"Aliyemgeuza mkuu wa soko," alisema Bwana Kidevu, "atashindwa konokono?"

Negativu ingemaliza ubishi kwa dakika moja, lakini negativu ilikwishakwenda na muuza vitambaa. Kwa hiyo ubishi haukwisha. Picha ilitundikwa studio juu ya benchi, na Bwana Kidevu akapata hadithi ya kuwatuliza wateja, tena aliitia chumvi mpya kila mwaka. Ikaingia nyumbani. Mtoto akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, aliitwa konokono wa kushoto. Fulana ikivaliwa kinyume, konokono wa kushoto. Wageni nao walihadithiwa, na wakwe, na fundi bomba.

"Lisemwalo lipo," Mama Giza alijitetea, "kama halipo laja."

"Basi twende Jumapili tukalitafute," alisema mumewe.

Na wakaenda, Jumapili hiyo na nyingine na nyingine. Baiskeli ikawa pikipiki. Watoto wakazaliwa, wakabebwa, wakatembea wenyewe, wakakataa kuja. Sanduku la chini ya kitanda likajaa kangaga na okidi na magamba ya kila namna. Mama Giza alipomwona konokono yeyote, jicho lake lilikimbilia mdomoni kwanza. Kulia. Kulia. Kulia. "Huyu naye ni wa kulia?" mumewe aliuliza kutoka chini. "Wa kulia." "Mbembeleze basi, anyamaze." Utani huo aliurudia labda mara elfu, na aibu iliyoje, mara zote mkewe alicheka. Kisha filamu zikaadimika, magoti yakaanza kulalamika, na Jumapili zikawa za kukaa barazani.

Kitu kimoja hakumwambia mtu. Alicheka na wote, lakini utani ukirudiwa miaka yote hiyo hugeuka ushahidi. Polepole, bila kupenda, alianza kujiuliza kama kweli aliigeuza.

Halafu macho.

Yalianza pembeni. Aligonga mlango aliokuwa akipita kila siku, akamlaumu seremala. Akamkanyaga kuku, akamlaumu kuku. Daktari wa macho, kijana mpole aliyepiga magoti mbele yake ili asimtazame kutoka juu, alimwambia ni presha ya macho. Dawa za matone zingechelewesha, lakini kilichokwishaondoka hakirudi. Kilichobaki ni kama tundu la ufunguo, na lenyewe litazidi kuwa dogo.

"Basi," alisema Mama Giza, "jina limenifikia."

Daktari alicheka kwa adabu. Bwana Kidevu hakucheka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao kidevu chake kilikuwa chini.

Tangu siku hiyo mapenzi yake yalijaa nyumba mpaka pakakosekana nafasi ya mtu kupita. Alichukua kisu. Alichukua kiberiti. Alichukua sindano, ingawa yeye mwenyewe alipotunga uzi alihitaji nusu saa na Mungu. Birika lilichelewa kidogo kuondoka. Mama Giza aliendelea kumimina chai kwa namna yake, ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe, chai ikifika kidoleni anaacha, kama alivyopima dawa maisha yake yote. Mpaka jioni moja kikombe kilikuwa kimesogezwa, kidole kikatua ukingoni mwa kisahani, naye akamimina humo na kwenye goti la mumewe.

"Leta hapa," alisema Bwana Kidevu, akipangusa goti na kulichukua birika. Na kwa kuwa hakupenda kuona uso wa mkewe ulivyokuwa, akatafuta utani, akaokota ule wa siku zote. "Vidole navyo hukosea, mama. Si unamkumbuka konokono wako?"

Alisema kwa wema. Hiyo ndiyo shida ya wema wa haraka, haujui unakokanyaga. Mama Giza hakucheka. Alikaa akisikia saa ya ukutani, mikono imelala mapajani, na akaogopa, kwa mara ya kwanza tangu kwa daktari. Giza hakuliogopa, alikuwa mwenyeji wake. Alichoogopa ni vidole. Kama vilimdanganya wakati ule, vikiwa vichanga na vyenye uhakika, basi sasa ataishi na nini? Maisha yaliyobaki yote yangekuwa ya kupapasa, na mtu hawezi kupapasa kwa mikono asiyoiamini.

"Nataka kwenda vilimani," alisema.

"Ukafanye nini, mke wangu?"

"Kumtafuta wa kushoto. Kabla tundu halijaziba."

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema wahenga, lakini hawakusema asiye na macho aambiwe nini. Bwana Kidevu alimtazama. Kisha akaenda kutafuta kioo cha kunyolea.

Walikwenda asubuhi baada ya usiku wa mvua, maana mvua ndiyo huwatoa konokono nje. Kitinda alifunga duka, akaendesha gari la kuazima, huku akinung'unika kwamba wazazi wa wenzake hustaafu. Bwana Kidevu alivaa kamera yake shingoni. Haikuwa na filamu, na mahali pa kuinunua hapakuwapo tena, lakini bila ile kamera shingo yake ilijiona uchi.

Walipanda polepole, mama katikati, mkono mmoja kwa binti na mmoja kwa mume. "Mwenda pole hajikwai," alisema Kitinda. "Tumetimia konokono watatu." Harufu ilimfikia Mama Giza kabla ya kitu kingine chochote, ile ya jiwe lililolowa na majani yanayooza taratibu. Akasimama na kuvuta pumzi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu kwa muda wa pumzi ile moja, na keria ya baiskeli ilimwumiza makalio.

Walimkalisha juu ya jiwe, wakaanza kumletea. Hakuhitaji kuinamisha tundu lake la ufunguo juu ya kila gamba. Alilishika ncha juu, kidole gumba kikateremka na msokoto mpaka mdomoni.

"Kulia," alisema. Mwingine. "Kulia." Mwingine tena. "Huyu ulikwishanipa. Ana pengo mdomoni."

"Nilikuwa najaribu tu," alisema Bwana Kidevu.

"Mjaribu mwanao."

Jua lilipanda. Konokono walianza kurudi nyufani, maana hawapendi kukauka, na magamba yaliyoletwa yalizidi kuwa ya kulia, ya kulia, ya kulia. Bwana Kidevu alikwishaacha utani. Kila alipomwekea gamba kiganjani alisubiri jibu kwa moyo wa mtahiniwa, na jibu lilipotoka alishukuru kwamba mkewe hauoni uso wake. Alikuwa akiomba, kwa kweli kabisa, awe amekosea yeye.

"Mama," Kitinda alisema kwa upole, "jua kali sasa. Tutarudi siku nyingine."

"Siku gani?" aliuliza mama yake.

Mama Giza alisimama. "Mkuyu uko wapi? Ule wenye mizizi kama panda ya manati."

"Ulikwishaanguka, mke wangu. Kimebaki kisiki."

"Nipelekeni kwenye kisiki."

Walimpeleka. Mizizi ilikwishaoza, lakini jiwe halisahau, na pale ilipokuwa imebana mwamba miaka na miaka palibaki mifereji miwili iliyoachana. Aliipata kwa viganja. Akaifuata ilipokutana, na hapo palikuwa na ufa ambao zamani mizizi ilikuwa imeuziba, na kutoka kwenye ufa ilitoka hewa baridi, ya gizani. Aliijua hewa hiyo. Akaingiza mkono mpaka kiwiko.

"Mama, nyoka!" Kitinda alipiga kelele.

"Kama yumo ameshanisikia," alisema Mama Giza, na mkono ukazidi kwenda.

Kulikuwa na kuvu laini, lililolowa. Chini yake vitu vidogo vilivyokaa pamoja, vingi, vimegandamana jiweni. Akachagua kimoja kikavu, kitupu, akakitoa. Ncha juu. Kidole gumba kikashuka na msokoto.

Kikaenda upande mwingine.

Alianza upya kutoka nchani. Kikaenda kule kule. Akakigusisha mdomo wa chini, kwa mazoea tu, kama filamu. Kisha akarudisha mkono ndani, akampapasa wa pili bila kumtoa, na wa tatu, na wa nne. Ulikuwa ukoo mzima, wamekaa humo wamejigeuza kivyao, na hawakuwahi kumwomba mtu ruhusa.

"Bwana Kidevu," alisema. "Kilete kidevu hapa."

Mumewe alikuja, akavaa miwani, akalipokea gamba. Ncha juu, mdomo ukimtazama. Akalizungusha, akalirudisha vile vile, na Kitinda, aliyesikia hadithi hii tangu tumboni, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mdomo uko upande gani?" aliuliza Mama Giza.

"Kushoto."

"Sema tena. Masikio nayo yamezeeka."

"Kushoto, mke wangu. Kushoto kabisa."

Machozi yalimtoka Mama Giza hapo hapo, bila sauti, mengi, yakidondoka juu ya mikono yenye tope. Bwana Kidevu alimtazama. Kuna wanaume ambao hata wakifa watafanya utani kwanza.

"Sasa mbona konokono ndiye wa kushoto," alisema, "na wewe ndiye wa kulia?"

Alicheka. Jamani, Mama Giza alicheka. Mwamba uliitikia. Akampiga mumewe begani kwa mkono wenye tope, mumewe akaubana pale pale.

"Ningekubali ile siku ya kwanza," alisema Bwana Kidevu, "Jumapili zangu zote ningezifanyia nini? Ungekuja tena na mimi huku?"

"Ningekuja. Ungeniuliza tu. Nilianza kuvishuku vidole vyangu. Unajua? Nilikuwa nakaa na wewe mezani navishuku."

Bwana Kidevu akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa miwani iliyolowa. "Nisamehe," alisema. "Sikujua kama ilifika huko."

Kisha akamrudishia gamba, akachukua kioo cha kunyolea, akasimama juani, akarusha mwanga kwenye kiganja cha mkewe. Mama Giza akainamisha tundu lake la ufunguo mpaka likaliona gamba lote: jeupe, mstari wa kahawia, mdomo mdogo umefunguka kushoto. Alilitazama mpaka akatosheka.

Kitinda alitaka ushahidi. Akawakusanya, akanyoosha mkono na simu mbele yao, gamba katikati ya nyuso tatu, akapiga. Halafu akaitazama picha, akakunja uso.

"Mbona hapa mdomo uko kulia?"

Bwana Kidevu aliinyakua simu. Aliona sura tatu zilizogeuzwa kama kwenye kioo, na konokono wa kulia mwenye adabu zake. Alicheka hadi akakaa chini. "Imeigeuza filamu!" alisema. "Hata mashine!"

"Naweza kuirekebisha, Mama, ni kubonyeza tu hapa."

"Iache," alisema Mama Giza. "Mkuu wa soko angeipenda."

Walio hai waliachwa nyufani mwao. Gamba tupu alirudi nalo, amelishika ndani ya kiganja njia nzima.

Jioni Kitinda alirudi dukani, na wazee wakabaki wawili mezani. Maji yalichemka. Bwana Kidevu aliinuka kama kawaida yake, akafika nusu ya njia, akasimama. Kisha akarudi kukaa. Mkewe alimsikia akirudi, akasikia kiti kinavyolia.

Aliliendea birika mwenyewe. Aliutafuta mpini, akaupata. Akatafuta kikombe cha mumewe, akaweka ncha ya kidole ukingoni, akainamisha. Bwana Kidevu aliinua kidevu juu na kutazama ukutani, kwenye ile picha ya konokono iliyofifia, iliyohamia nyumbani studio ilipofungwa, ili asiutazame mkono. Chai ilipanda taratibu, ikafika kidoleni, naye akaacha kumimina.